Njia ya Mkato Gani Hii?

"Si alikatwa tumbo? Hata mimi ningepungua."

Maneno haya utayasikia Nkuhungu, hapa Dodoma: saluni, gengeni, kwenye kiti cha nyuma cha bajaji, na hata nje ya kanisa watu wakisubiri ibada ya pili. Husemwa mhusika akishapita, kwa sauti ya chini, ila si ya chini kiasi cha yeye kutosikia. Maana yake haina fumbo: wembamba wa huyu si halali. Wenzake wanakimbia alfajiri wakila vumbi, wameacha sukari, wanafunga mpaka mchana. Yeye kalala kitandani, kaamka kapungua. Kaibia mtihani.

Ningeyaacha yapite kama umbea mwingine wowote, maana mtaa usio na umbea bado haujajengwa. Lakini haya yana madhara yake. Yanamfanya mtu aliyefanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito aufiche, na upasuaji huu si kitu cha kufichwa bila mwili kulipia. Nimewaona watu wa hapa hapa kwetu wakihangaika muda mrefu baada ya kidonda kupona, na sehemu kubwa ya mahangaiko yao haikutoka kwa daktari wala kwa kisu chake. Ilitoka kwetu sisi tuliokwisha kuamua kwamba wamepita njia ya mkato.

Kwanza tujue tunabishania nini. Upasuaji unaofanywa zaidi duniani ni ule wa kuondoa sehemu kubwa ya mfuko wa chakula, kama asilimia 75 hadi 80, na kuacha mrija mwembamba ambao mwanzoni hubeba mililita 100 hadi 150, yaani nusu ya chupa ya soda au pungufu. Wa pili ni ule wa kutengeneza kifuko kidogo cha mililita 30 hivi juu ya mfuko wa chakula, kisha kukiunganisha na utumbo kwa mbele ili chakula kiruke sehemu ya safari yake. Puto, ambalo watu wengi wa hapa wanalichanganya na hivyo viwili, si upasuaji: huingizwa kwa mdomo, hukaa miezi kadhaa, hutolewa. Zamani mtu alivifuata vitu hivi India au Afrika Kusini. Siku hizi puto na upasuaji vinapatikana Hospitali ya Taifa Muhimbili, tawi la Mloganzila, na ndiyo maana habari imefika mpaka kwa wasusi wa Nkuhungu.

Sasa chukua siku moja ya mtu huyu, miezi minne baada ya kutoka hospitali. Anatakiwa apate walau gramu 60 za protini. Yai moja lina gramu kama 6. Kwa hiyo, akitegemea mayai, ale 10 kwa siku, na tumbo lake linajaa kwa moja na nusu. Hategemei mayai, bila shaka. Atachanganya na dagaa, maharage yaliyopondwa, mtindi, kuku wa kuchemsha aliyechambuliwa nyuzi nyuzi. Lakini hesabu haibadiliki sana. Atakula mara tano au sita, kidogo kidogo, kila tonge alitafune mpaka liwe uji mdomoni, aanze na protini, afuate mboga, na ugali uje mwisho kama nafasi itakuwepo. Kwa kawaida haipo. Kwa Dodoma, ambako chakula ni ugali na vingine vyote ni mboga ya kuuteremshia, hiyo ni kupindua meza nzima.

Bado maji. Haruhusiwi kunywa wakati wa kula, wala mpaka nusu saa ipite. Na hata ikipita, hawezi kugida. Anapiga funda dogo, anasubiri, anapiga jingine, mpaka lita moja na nusu au zaidi itimie kabla ya kulala. Fanya hivyo Dar es Salaam kwenye unyevu wa bahari, halafu uje ufanye hapa, ambako kuanzia Mei mpaka Novemba mvua ni hadithi na upepo unakausha midomo kabla hujafika kituoni. Kukaukiwa maji ni miongoni mwa sababu kubwa zinazowarudisha hospitali watu hawa katika wiki za mwanzo. Halafu vidonge: vitamini mchanganyiko, B12, vitamini D, kalsiamu, madini ya chuma. Kalsiamu na chuma visimezwe pamoja, chuma kisimezwe na chai, na vyote hivyo ni vya maisha, si vya mwezi. Wewe unayesema mkato, uliwahi kumaliza dozi ya antibiotiki ya siku saba, au uliiacha siku ya tatu homa iliposhuka?

Na huyu si mtu aliyekaa nyumbani kulelewa. Tangu serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, Nkuhungu imejaa watumishi wanaoamka gizani kuwahi ofisi za serikali Mtumba, upande wa pili wa jiji. Saa nne ni chai: chapati, maandazi, supu ya ng'ombe, soda. Chapati humkwama kifuani. Soda, kwa yule aliyeunganishwa utumbo, humwagika moja kwa moja kwenye utumbo mwembamba. Dakika chache baadaye moyo unamwenda mbio, jasho linamtoka, tumbo linamkata, anatafuta pa kujilaza. Wenzake wanasema presha. Yeye anaitikia presha, kwa sababu ndiyo rahisi kuliko kueleza.

Nilimshuhudia dada mmoja wa mtaani kwetu akila msibani. Sinia lilikuwa la watu watano: ugali wa uwele bado unafuka moshi, mlenda, na nyama ya mbuzi iliyochemshwa ila si kwa muda wa kutosha. Kulia kwake alikaa shangazi mmoja aliyekuja asubuhi kutoka Bahi, mama mkubwa wa umbo na wa sauti, ambaye hakuambiwa kitu.

"Mwanangu, mbona unadonoa? Chakula chetu kina nini?"

"Kizuri, shangazi. Nakula."

"Unakula nini? Naona unapaka mlenda vidoleni."

Wanawake wengine wakacheka. Dada akamega tonge la haki, akachovya, akameza. Mlenda ulisaidia; mlenda ni rafiki wa tumbo la namna hiyo, unateleza wenyewe. Akamega la pili. Shangazi akamsogezea pande la nyama, naye dada akalitafuna kwa haraka kuliko ilivyompasa, maana macho yote yalikuwa kwake. Nikauona mkono umepanda mpaka katikati ya kifua na kubaki hapo. Mgongo ukanyooka. Machozi yakamlenga, mate yakamjaa mdomoni, akainuka akisema anakwenda kupokea simu. Simu alikuwa ameiacha mkekani. Nilimkuta nyuma ya nyumba, ameshika ukuta kando ya simtanki, anatema mapovu meupe, kwa sababu chakula chenyewe kilikuwa hakijapata pa kupita. Ilimchukua muda. Kisha akanawa uso, akajifunga kitenge upya, akarudi kukaa pale pale, akasema mtandao unasumbua.

Jioni ile habari zilikuwa mbili. Ya kwanza, ana mimba. Ya pili ilisemwa kwa sauti ya chini zaidi, na kila Mtanzania mwenye umri wangu anaijua bila kuambiwa.

Hapa lazima tuwe wakweli kuhusu tulikotoka. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Ng'ambo ya mpaka, Rakai, Waganda waliuita ugonjwa ule Slim, kwa sababu ulichofanya kwanza ni kumkondesha mtu. Kizazi kizima kilizika kaka na dada zake baada ya kuwatazama wakipukutika. Mtu aliyepita huko akimwona jirani aliyekuwa na kilo 115 amebaki na 80, mashavu yameingia ndani, ngozi ya mikono inaning'inia, na nywele zinatoka kwa mafungu, hafikirii Mloganzila. Na nywele zitatoka kweli. Kati ya mwezi wa tatu na wa sita baada ya kupungua kwa kasi ni jambo la kawaida, kisha huota tena. Msusi akilishika fungu hilo mkononi, mtaa umeshapata ushahidi. Simlaumu mzee mwenye kumbukumbu ile. Alilipa ili kuipata.

Ila hebu tazama mtu huyu amesimama wapi. Akisema ukweli, ni mvivu aliyeibia mtihani. Akinyamaza, ana ngoma. Na wengi ninaowajua wamechagua kunyamaza. Yaani wanaona afadhali waonekane wagonjwa wa maradhi yale yaliyotutisha kuliko maradhi yote, kuliko waonekane wamepungua kwa msaada. Anayetaka kujua neno "mkato" lina uzito gani aanzie hapo.

Kunyamaza huko kuna bei, na bei hiyo ndiyo kiini cha ugomvi wangu. Mtu ameumwa mgongo au jino, anakwenda duka la dawa, anapewa diklofenaki, kama tunavyopewa sote, kwa sarafu chache na bila swali. Kwa aliyeunganishwa utumbo, dawa za kundi hilo, ibuprofeni ikiwemo, zinaweza kuchimba kidonda pale kwenye maungio, na kidonda hicho kinaweza kuvuja damu au kutoboka. Muuzaji hakuambiwa. Angeambiwa angempa parasetamoli, mambo yakaisha.

Mwingine alikuwa na miaka mingi bila kushika mimba. Mafuta mwilini yakipungua, hedhi hurudi katika mpangilio na uzazi hufunguka, mara nyingi kabla mwenyewe hajatarajia. Madaktari wanashauri asubiri miezi 12 hadi 18 kabla ya kubeba mimba, kwa sababu katika kipindi hicho mwili haujitoshelezi wenyewe, sembuse wawili. Anakwenda kliniki ya uzazi wa mpango, hasemi kitu, anapewa vidonge vya majira. Baada ya upasuaji wa kuunganisha utumbo, vidonge hivyo haviaminiki kama zamani, kwa kuwa njia ya kuvinyonya imebadilishwa. Alihitaji kitanzi, sindano au vijiti. Nesi hawezi kubashiri jambo ambalo mgonjwa ameapa kulifunika.

La tatu ndilo linaloninyima usingizi. Mtu anatapika wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Inawezekana kuna mahali pamebana, inawezekana anakula haraka ili afanane na wengine. Akiba ya vitamini B1 mwilini haivuki wiki chache. Ikiisha, macho yanaanza kuchezacheza, miguu inayumba, maneno yanachanganyika. Nyumbani watasema kapagawa, na sitashangaa kama wengine watamkimbiza kwa mtaalamu wa majini kabla ya kufika zahanati. Akifika zahanati amelegea, jambo la kwanza mkono wa mhudumu unalofanya ni kumtundikia dripu ya sukari. Kwa mgonjwa mwingine huo ni uungwana. Kwa huyu, sukari ikiingia kabla ya sindano ya B1, inaweza kuimalizia akiba iliyobaki na kuacha ubongo na jeraha lisilopona. Tiba ni ya bei ndogo, ni vitamini tu. Kinachokosekana ni sentensi moja: nilifanyiwa upasuaji wa tumbo mwezi fulani. Watu wawili nyumbani wakiijua sentensi hiyo, mmoja ataisema hata mgonjwa akiwa hajitambui. Mtaa ukiwa umemfundisha kuificha hata kwa mumewe, nani ataisema?

Sijataja dawa za kisukari na presha, ambazo hulazimika kupunguzwa mara tu baada ya upasuaji, pengine ndani ya siku chache, kwa sababu sukari hushuka kabla hata uzito haujashuka sana. Anayeendelea na kipimo cha zamani anaweza kuanguka barabarani. Wala sijataja pombe. Mji huu unalima zabibu, na glasi ya mvinyo wa hapa, ambayo zamani haikumfanya kitu, sasa inampanda kichwani kwa dakika. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2012 uliona matatizo ya ulevi yakiongezeka mwaka wa pili baada ya upasuaji, wakati ambapo ndugu wanadhani mtu amekwisha kupona na hakuna tena wa kumtazama.

Na marudio? Kliniki yake iko Dar es Salaam. Angalau siku hizi kuna treni ya umeme, tangu katikati ya 2024, na safari iliyokuwa ikimaliza siku nzima ndani ya basi imekuwa ya saa chache. Lakini treni haikuombei ruhusa kazini. Bosi atauliza unaumwa nini, karani wa masijala atauliza, na barua ikishaingia kwenye faili haina mlango. Basi anaacha marudio ya mwezi wa sita, anaacha na ya mwaka. Damu haipimwi, chuma kinashuka, anapanda ngazi akihema, na watu wanasema ona, amekatwa tumbo bure, hata nguvu hana.

Mpinzani makini hatakaa kimya kufikia hapa. Atasema yote hayo yangeepukika kama angekula kidogo na kutembea. Hoja hii ina heshima yake, na ina watetezi wenye majina. Mafundisho ya Profesa Mohamed Janabi, aliyewahi kuwa mkurugenzi mtendaji wa Muhimbili na ambaye Mei 2025 alichaguliwa kuongoza Shirika la Afya Duniani kanda ya Afrika, yamefika mpaka kwa mama lishe: punguza wanga, punguza sukari, funga. (Nimewaona watu wakimnukuu huku wakimalizia chipsi mayai, lakini hilo si kosa lake.) Kwa mtu ambaye hajanenepa, au amezidi kilo 10, mafundisho hayo yanatosha na yazidi kuhubiriwa. Hospitali ile ile aliyoiongoza ndiyo inayoweka puto na kufanya upasuaji, na hakuna mgongano wowote hapo. Kuzuia moto na kuuzima ni kazi mbili.

Swali ni nini kinatokea kwa mwanamke wa sentimita 160 mwenye kilo 102 na zaidi, ambaye magoti yamekwisha na sukari imepanda. Wanasayansi wamelijibu kwa muda mrefu kuliko umri wa wengi wanaobisha. Uswidi walianza mwaka 1987 kuwafuatilia watu wanene, kundi moja likapasuliwa, jingine likapata ushauri na matibabu ya kawaida. Kwa miaka 15, uzito wa wastani wa kundi la ushauri haukusogea hata asilimia 2, kwenda juu wala chini. Si kwamba watu wale wote walikuwa wavivu. Uswidi nzima haiwezi kuwa imeshindwa kufunga mdomo. Waliounganishwa utumbo walikuwa bado pungufu kwa robo ya uzito wao miaka 10 baadaye. Na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2007 yakaonyesha vifo katika kundi lililopasuliwa vilikuwa pungufu kwa karibu robo.

Kama hilo halitoshi, kuna wale washindani wa kipindi cha televisheni cha Marekani, The Biggest Loser, waliopungua kwa jasho na njaa mbele ya kamera, bila kisu. Mtafiti Kevin Hall na wenzake waliwapima 14 kati yao miaka 6 baadaye na kuchapisha majibu mwaka 2016. Kwa wastani walikuwa wamepoteza kilo 58 wakati wa mashindano, na kilo 41 zilikuwa zimerudi. Kibaya zaidi, miili yao ilikuwa inaunguza karibu kalori 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa kwa watu wa ukubwa wao. Mwili ulikuwa bado unapigania uzito wa zamani, miaka 6 baada ya taa za studio kuzimwa. Upasuaji unaufikia ugomvi huo mahali ambapo nia haifiki: sehemu ya mfuko wa chakula inayoondolewa ndiyo inayotengeneza kwa wingi homoni ya njaa. Aliyepasuliwa hajakwepa mapambano. Amepewa nafasi ya kuyaingia akiwa hajafungwa mikono, kisha anayaendeleza kila siku kwa kijiko na kisahani.

"Mbona fulani amenenepa tena?" Ndiyo, wapo. Hata wale Waswidi walipungua kwa theluthi hivi mwaka wa kwanza na wa pili, kabla ya kurudi kidogo na kutulia kwenye ile robo. Wanaorudi sana mara nyingi wamepitia kwenye vilaini: uji mtamu, juisi, aiskrimu, chai ya maziwa yenye sukari, vitu visivyotafunwa wala kukwama, vinavyopita hata kwenye tumbo dogo. Na nani huangukia vilaini? Yule anayeogopa kutapika mbele za watu. Uji hauaibishi. Ukikataa ugali shughulini utaulizwa. Ukiomba kikombe cha uji hakuna atakayekuuliza. Tunamsukuma kwenye kikombe hicho kwa macho yetu, halafu uzito ukirudi tunauliza uliko ushindi wake. Na wakosoaji hawa hawa, mtu wa kisukari akipandisha sukari baada ya sikukuu, hawasemi insulini ni njia ya mkato iliyofeli. Sasa zimekuja sindano za kupunguza uzito, na maneno yamehamia huko bila kubadilishwa hata nukta.

Hoja ya pesa ni nzito zaidi, na siwezi kuiruka. Takwimu za kitaifa za 2015–16 zilionyesha kwamba watoto 34 kati ya kila 100 walio chini ya miaka 5 walikuwa wamedumaa, na katika utafiti huo huo wanawake 28 kati ya 100 wenye miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi. Kanda ya kati inaijua njaa vizuri kuliko wengi. Ni haki mtu kuuliza kwa nini daktari bingwa ashughulike na wanene wakati kuna wagonjwa wa utapiamlo kwenye wodi ya watoto. Lakini haya si mataifa mawili. Mara nyingi ni nyumba moja: mama mnene, mtoto aliyedumaa, meza moja ya wanga mwingi na protini kiduchu. Na mama huyo asipotibiwa, kisukari kitampeleka kwenye figo, na figo zitampeleka kwenye mashine ya kusafisha damu mara kadhaa kwa wiki mpaka mwisho wake au mpaka apate mchangiaji. Hapo ndipo pesa huishia kweli. Isitoshe, wengi ninaowajua mimi wamejilipia. Mmoja aliuza kiwanja. Kuuza kiwanja Dodoma, katika miaka hii ambayo bei yake haijui kushuka, halafu uitwe mtu wa rahisi rahisi!

Wapo wanaotaka kukatwa ili gauni la harusi lifunge zipu. Hao nawakabidhi kwa wapinzani wangu bila masharti. Daktari mwenye maadili atawarudisha nyumbani. Lakini hatujengi msimamo wa mtaa mzima juu ya bibi harusi mmoja.

Linabaki jambo la faragha. Nimeambiwa: kama mtu hataki kusema, ni siri yake, wewe unamtangazia nini? Nakubali kabisa kwamba ni siri yake. Hana deni la kunieleza mimi, wala shangazi wa Bahi, wala abiria wa daladala. Ninachokataa ni kuita siri kitu ambacho mtu amekifunika kwa kuogopa. Mwenye siri huchagua wa kumwambia: mume, mpishi wa nyumbani, nesi, muuza dawa. Mwenye hofu hamwambii hata mmoja.

Wala hakuna anayedai makofi. Aliyekataa sinia apewe kisahani bila swali, na nyama yake ichemke hadi iive. Mkuu wa idara akubali karatasi ya kliniki kama anavyokubali ya macho au ya meno. Na kwenye maduka ya dawa, kabla ya kumega diklofenaki kwenye karatasi yake, muuzaji aulize kama mteja amewahi kupasuliwa tumbo. Haichukui muda wa kutafuta chenji. Katika maduka ninayoingia mimi, kuanzia Nkuhungu mpaka Majengo, sijawahi kulisikia swali hilo.